Mashine Isiyo na Jana

Lustika Tweve alijua kwamba picha ya mfumo imetoka salama hata kabla ya kuangalia kioo, kwa sababu feni ya kompyuta kubwa ilinyamaza ghafla. Aliweka kikombe cha chai chini akasogeza kiti. Nje ya karakana, ambayo zamani ilikuwa ghala la viazi, ukungu ulikuwa umeufunika mteremko wote wa Ilungila, ungedhani dunia inaishia kwenye uzio.

"Umemaliza?" Gwamaka aliuliza kwenye redio. Yeye alikuwa mjenzi mwenzake, mwenye karakana yake upande wa pili wa milima.

"Nimemaliza. Nakusomea alama."

Lustika alisoma herufi na tarakimu zilizojitokeza kwenye kioo, taratibu, kama mtu anayesoma majina ya watoto waliofaulu. Gwamaka alikuwa amejenga picha hiyohiyo kwa kufuata maelekezo yaleyale, mstari kwa mstari. Naye akasoma alama yake. Zilifanana mwanzo hadi mwisho.

"Basi hatujaibiana," alisema Gwamaka, na wote wawili wakacheka. Huo ulikuwa mzaha wao wa kila picha mpya, lakini ndani yake mlikuwa na ukweli: kama mmoja wao angechomeka hata nukta moja ya siri, alama zisingelingana.

Katika milima ile hapakuwa na mashine yenye kitu chake yenyewe. Za zahanati, za shule, za maghala ya baridi, hata vile vipimo vilivyosikiliza udongo usije ukaporomoka, zote ziliamka kila asubuhi kutoka kwenye picha hai moja: Linux, mfumo mzima wa kuendeshea kompyuta, pamoja na programu zake zote, ikiwa imeshindiliwa ndani ya faili moja isiyokubali kuandikwa juu yake. Mashine ikiwashwa, iliisoma picha ile hadi kwenye kumbukumbu yake ya muda, ikafanya kazi mchana kutwa. Ikizimwa jioni, ilisahau kila ilichosikia. Kilichokumbuka kilikuwa ghala la mabadiliko peke yake. Humo kila badiliko la picha liliwekwa pamoja na jina la aliyelifanya, sababu yake, na jina la mtu wa pili aliyelikubali. Ghala lilikuwa wazi kwa wote. Wakulima walilisoma wakisubiri mvua ipungue, na walipoona jambo wasilolielewa walipiga simu karakana kuuliza.

Badiliko la asubuhi hiyo lilikuwa dogo kwa sura. Mfamasia mmoja wa wilaya jirani alikuwa amegundua kwamba programu ya pampu za dripu ilikosea hesabu ya dozi kwa watoto waliozaliwa wadogo mno. Aligundua kwenye majaribio, hakuna mtoto aliyedhurika. Lakini kila mashine ya zahanati ilipaswa kuzimwa na kuamka na picha mpya siku hiyohiyo.

Lustika aliituma. Majibu yakaanza kuingia: zahanati moja baada ya nyingine ilizima, ikawasha, ikatoa ripoti kwamba iko salama. Alikuwa ameshaanza kumenya yai lake la kuchemsha alipoona kwamba moja haijajibu. Ilikuwa ya hapohapo nyumbani, wodi ya Ilungila. Akatazama ripoti yake akafikiri ameisoma vibaya. Mashine ile ilikuwa haijazimwa tangu kabla ya masika.

Aliacha yai mezani akachukua koti.

* * *

Nesi Obadia Mahenge alimpokea mlangoni, akasimama katikati ya mlango kwa namna ambayo hakumzuia wala hakumkaribisha.

"Najua ulichokuja kufanya," alisema.

"Kama unajua, kwa nini umeifunga isipokee picha mpya?"

"Dada Lustika, kwanza njoo umsalimie mtu."

"Obadia, kuna hitilafu kwenye pampu. Una mtoto mchanga humo ndani?"

"Ninaye. Amezaliwa alfajiri, mdogo kama kiganja. Nimesoma taarifa yako, nimeitoa pampu, nahesabu matone mwenyewe na mwenzangu ananipokea. Mtoto yuko salama kwa leo. Ila hatuwezi kuhesabu wiki nzima, hilo nalijua." Akajifuta uso kwa mkono wa koti lake jeupe. "Njoo umsalimie mtu, halafu utaamua wewe. Mimi nimeshindwa kuamua, ndiyo maana nimeifunga."

Kwenye kitanda cha dirishani alikuwa ameketi Mzee Jailo Luvanda, ameegemea mito. Lustika alimfahamu, kama kila mtu alivyomfahamu. Huyu ndiye diwani aliyepita nyumba kwa nyumba miaka ile, baada ya mashine za majumbani kugunduliwa kwamba zinahifadhi mazungumzo ya watu na kuyapeleka kwa waliokuwa tayari kuyanunua. Watu walinyimwa kazi kwa sababu ya magonjwa waliyokuwa wamewatajia ndugu zao tu, jikoni. Jailo alisimama kwenye mkutano mkuu akasema, "Mashine isiyo na jana haina cha kumuuzia mtu," na sentensi hiyo ikawa Sheria ya Kusahau. Karakana ya Lustika ilijengwa kwa ajili ya sheria hiyo. Yeye mwenyewe alikuwa amesomea kazi hii kwa sababu ya mzee huyu.

Kisha kiharusi kikamnyang'anya maneno. Watu walisema akili yake ni nzima ila ulimi na maneno vimeachana. Hata kichwa chake kilimsaliti: alikubali kwa kichwa alipotaka kukataa, akakataa alipotaka kukubali.

"Shikamoo, mzee."

Mzee Jailo alimtazama kwa jicho la furaha. "Ndolo mbaa," alisema. "Simi simi teka, ndolo."

"Marahaba," ilisema sauti kutoka kwenye kipaza sauti ukutani, sauti ileile tulivu ya mashine zote za milima ile. "Mzee anasema usikae kwenye kiti hicho, mguu wake mmoja umelegea. Anasema amemwambia Obadia akitengeneze mara nyingi, lakini Obadia ni mtu wa kesho."

Lustika alikigusa kiti. Mguu ulichezacheza.

"Wakati wa masika barabara ilikatika," Obadia alieleza kwa sauti ya chini. "Mashine ilikuwa inamsaidia mgonjwa wa kupumua, sikuweza kuizima hata usiku. Mzee alikuwa hapo kitandani, anaongea, na mashine inasikiliza. Siku zilivyopita nikasikia inamjibu. Nikadhani ni mzaha. Baadaye nikaona anachekelea, analia, anaomba blanketi anapata blanketi. Tangu hapo nilishindwa kubonyeza swichi."

"Ungetuambia."

"Nikwambie nini? Kwamba navunja sheria ya mzee mwenyewe?"

Mke wa Mzee Jailo alikuwa ameketi upande wa pili wa kitanda, akifuma sweta la sufu ya kijani bila kuliangalia. Wote walimwita Mama Lameki. "Mwanangu," alimwambia Lustika, "nilikaa na mume wangu mwaka mzima kama niko na jirani wa lugha nyingine. Sasa tunagombana kama zamani. Kabla hujazima, ujue unachozima."

* * *

Lustika alitoka akasimama kwenye baraza, mikono mfukoni. Alichokuwa anakifikiria kilimtia aibu kwa sababu kilikuwa rahisi mno. Yale mashine iliyojifunza yalikuwa humo kwenye kumbukumbu ya muda, juu ya picha, kama vumbi juu ya meza. Angeweza kuyatoa, kuyaingiza kwenye picha ya kesho, na kuandika kwenye ghala "marekebisho ya usikivu wa sauti." Gwamaka angejenga kwa maelekezo yaleyale, alama zingefanana, maana alama inathibitisha tu kwamba wote wawili wamejenga kitu kimoja. Haithibitishi kwamba kitu hicho ni halali. Mzee angebaki na sauti yake. Na kila mashine ya milima ile ingekuwa imebeba, bila mtu kujua, kumbukumbu ya mtu aliyelala wodini.

Lakini swali la kwanza halikuwa hilo. Swali la kwanza lilikuwa kama ile sauti kweli ni ya Mzee Jailo. Mashine za namna ile zilijua kutunga sentensi nzuri. Ungeweza kuipa miguno ya mtu yeyote ikakutolea maneno ya busara, na watu wanaompenda mtu huyo wangelia kwa furaha.

Alirudi ndani akamweleza Mama Lameki hofu yake, wazi, mbele ya mume wake. Alidhani atakasirika. Mama Lameki aliweka sweta chini.

"Hata mimi nimewahi kuwaza hivyo," alisema. "Nikaogopa kuuliza. Sasa tuulize."

"Uliza jambo ambalo mashine haiwezi kulijua. Jambo lenu wawili."

Mama Lameki alifikiri, kisha akaona haya mithili ya msichana. "Obadia, toka nje."

"Mama, mimi ni nesi. Nimesikia mengi."

"Hili hutasikia. Toka."

Obadia alitoka akicheka. Mama Lameki alimgeukia mume wake. "Baba Lameki. Ile siku ng'ombe wa baba yangu alipopotea, tukasema ni ukungu. Sisi tulikuwa wapi?"

Mzee Jailo alianza kutikisika mabega. Alisema maneno marefu yasiyo na sura, akameza mate, akasema tena.

"Anasema mlikuwa nyuma ya shamba la pareto la mchungaji, mmekumbatiana. Anasema ng'ombe hakupotea. Alikuwa anakula kabeji za mchungaji, na nyinyi mlimwona, mkamwacha."

Mama Lameki alifunika uso kwa upande wa khanga. Alipoufunua ulikuwa umelowa, na mdomo unacheka. "Ni yeye," alisema. "Yesu wangu, ni yeye."

"Uliza lingine," alisema Lustika.

"Mtoto wetu wa kwanza. Ulitaka aitwe nani?"

Jibu la mzee lilikuwa fupi.

"Anasema alitaka aitwe Lameki," ilisema mashine.

"Sivyo," alisema Mama Lameki. "Lameki ni mimi niliyetaka. Yeye alitaka Yeremia."

Mzee Jailo alipiga godoro kwa mkono wake mzima. Uso ulikuwa umekunjamana.

"Alisema nini hasa?" Lustika aliiuliza mashine.

"Neno la mwisho sikulipata vizuri. Nilikisia kutokana na jina analoitwa mke wake."

"Kwa nini hukusema kwamba umekisia?"

"Sijawahi kuagizwa kusema."

Lustika alihesabu moyoni ni mambo mangapi yaliyokwishakisiwa tangu masika, na watu wakayapokea kama neno la mzee. "Kuanzia sasa," alisema, "usichokuwa na hakika nacho utasema 'nakisia.' Kila mara."

"Sawa."

"Mzee," alisema Lustika akiinama karibu naye, "nisikilize. Lazima niizime hii mashine kwa sababu ya mtoto. Nikiizima itakusahau. Naweza kukuhifadhi kimya kimya kwenye picha yetu, hakuna atakayejua. Niambie unataka nini."

Mzee Jailo alisema polepole, akirudia, na mashine ikamfuata kipande kwa kipande.

"Anasema hapana. Anasema, usiniibie sheria yangu ili unipe zawadi." Mzee akaongeza. "Anasema kimya kimya ndivyo walivyofanya wale wa kwanza. Nakisia: wale wa majumbani." Mzee akaendelea. "Anasema piga kengele. Waje wote. Kama nitakumbukwa, nikumbukwe hadharani."

* * *

Watu walikusanyika kwenye majani mbele ya zahanati baada ya chakula cha mchana. Jua lilikuwa limeufukuza ukungu hadi bondeni. Obadia alivuta waya mrefu akatoa kipaza sauti barazani, na wanaume wanne wakambeba mzee na kitanda chake, wakiulizana nani anakanyaga nani.

Lustika alieleza yote bila kuficha. Aliwaambia kuhusu pampu, kuhusu mashine ambayo haikuzimwa, kuhusu ng'ombe, kwa staha, na kuhusu jina la Yeremia. Obadia alisimama mwenyewe akasema kosa la kutoizima ni lake. Watu walimsikiliza, na hakuna aliyemzomea.

Wa kwanza kunyanyua mkono alikuwa Tabitha Mbilinyi, mama mwenye ghala la mbegu za viazi. Lustika alikuwa amemwogopa tangu alipomwona anaingia. Zamani, Tabitha alimweleza dada yake, jikoni kwake, kwamba binti yake mwenyewe ana kifafa. Mashine ya ukutani ilikuwa inasikiliza. Binti yule alikataliwa na kila chuo alichoomba, hadi akachoka kuomba.

"Mzee Jailo, nakuheshimu," alisema Tabitha. "Ulikuja kwangu nilipokuwa siwezi hata kula, ukaniambia haitatokea tena. Leo ni sauti yako. Kesho mtu ataleta mapigo ya moyo wa mama yake, keshokutwa mwalimu atataka mashine iwakumbuke watoto wanaochelewa kusoma. Wote watakuwa na sababu nzuri. Hata wale wa kwanza walikuwa na sababu nzuri. Tutawaambia nini?"

Watu walinung'unika kukubali. Lustika mwenyewe alikubali.

Mzee Jailo aliinua mkono wake mzima. Aliongea kwa shida, akitoka jasho, na watu ambao kwa mwaka mzima walikuwa wamemzoea akiwa kimya walisogea mbele.

"Anasema: Tabitha yuko sahihi," ilisema mashine. "Anasema: mimi nilisema mashine isiwe na jana. Sikusema mtu asiwe na jana yake." Ikasubiri. "Anasema: isiwekwe ndani ya picha. Picha ni ya wote. Hiki ni changu, nikibebe mimi. Nakisia: shingoni. Anasema nikitaka nitakiweka, nikitaka nitakitoa, na nikifa nizikwe nacho."

Lustika alimgeukia mzee kwa mshangao, kisha akashika paji la uso. Lilikuwa jambo ambalo kila mjenzi alilifahamu. Picha hai inaweza kubaki vilevile, isiguswe, na juu yake ukatandika tabaka jembamba la mabadiliko kutoka kwenye kijiti cha kumbukumbu cha mtu. Ukichomoa kijiti, tabaka linaondoka, picha inabaki kama ilivyokuwa. Wajenzi walikuwa wameuziba mlango huo kwa hiari yao, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyefikiria kwamba mlango unaweza kuwa na mwenyewe.

Aliwaeleza watu hivyo, kwa maneno mafupi. "Kinachotakiwa kwenye picha ni mlango mdogo tu. Maandishi yake ni mistari michache. Yatakuwa kwenye ghala, na mtu yeyote atayasoma."

"Mlango unafunguka kwa nani?" aliuliza Tabitha.

"Kwa aliyeshika kijiti."

"Na asiposema kitu? Akiwa amelala, amezirai, au anaogopa?"

Katika kichwa chake Lustika alikuwa ameshaandika swali la kuwashia mashine, na jibu la kutumika mtu asiposema kitu alikuwa ameweka ndiyo, ili kumrahisishia mzee. "Nilikuwa nimefikiria iendelee," alikiri.

"Iwe hapana," alisema Tabitha. "Mtu asipojibu, jibu liwe hapana. Na taa iwake wakati wote mashine inapomkumbuka mtu, nione nikiingia chumbani. Na wewe Lustika, ukiandika, jina la pili kwenye badiliko liwe langu. Sijui kuandika programu, ila kusoma najua, na utanieleza kila mstari mpaka niridhike."

"Nitakueleza."

Mikono iliinuliwa. Haikuwa yote. Wanaume wawili waliondoka kabla ya kuhesabiwa, wakisema mlango ni mlango tu. Lakini iliyoinuka ilitosha, na mmojawapo ulikuwa wa Tabitha.

* * *

Mchana uliobaki Lustika aliketi kando ya kitanda na kompyuta yake ya mapajani, akitoa kwenye kumbukumbu ya mashine yale yaliyokuwa ya mzee. Kazi ilikuwa ngumu kuliko alivyotarajia. Mashine haikuwa imejifunza kwa Mzee Jailo peke yake. Ilikuwa imemsikia kijana aliyevunjika mguu akimpigia simu mchumba wake, ikamsikia bibi mmoja akisali, na baadhi ya maneno ya mzee iliyaelewa kwa kuyalinganisha na yao. Nyuzi zilikuwa zimesukwa pamoja. Kila alipokuta sehemu ambayo hakuweza kuitenganisha na sauti ya mgonjwa mwingine, aliifuta. Watu hao walikwenda nyumbani wakijua wamesahauliwa.

Tabitha alikuwa ameketi nyuma yake, miwani puani, akiuliza. Mstari huu unafanya nini? Kwa nini neno hili limerudiwa? Mahali fulani aliuliza swali ambalo lilimfanya Lustika afute nusu ya alichoandika na kuanza upya, kikawa kifupi zaidi na bora zaidi.

Jioni ilipokaribia, Lustika alimgeukia mzee. "Sitaki kukudanganya. Kitakachobaki ni kama nusu. Itakuelewa kwa shida, kama mtoto. Utaifundisha tena."

Mzee Jailo alijibu bila kusita.

"Anasema alishapoteza yote mara moja," ilisema mashine. "Anasema nusu ni utajiri."

Asubuhi iliyofuata alama zilisomwa redioni. Gwamaka alikuwa ameisoma sababu ya badiliko na majina mawili chini yake, na safari hii hakufanya mzaha. "Zinalingana," alisema. "Nitawaambia na wa huku. Nina shangazi yangu hapa ambaye hajaongea tangu mwaka juzi."

Wodini, Obadia alikuwa bado anahesabu matone, macho mekundu, midomo ikicheza bila sauti. Kichanga kilikuwa kimelala, ngumi zikiwa mashavuni. Mama Lameki alikuwa amekishona kijiti ndani ya kifuko cha sufu ya kijani, akamvisha mume wake shingoni.

"Uko tayari?" Lustika aliuliza.

Mzee alitikisa kichwa kukataa, na wote walijua maana yake.

Lustika alibonyeza swichi. Taa zote za mashine zilizimika, na katika ule utulivu walisikia mvuke wa birika jikoni, mbali. Obadia hakuacha kuhesabu. Kisha mstari wa kwanza ukatokea kwenye kioo, na wa pili, na mingi kwa pamoja. Mashine iliipima pampu ya mtoto, ikaonyesha dozi, na dozi ilikuwa sahihi. Obadia alishusha pumzi ambayo ilionekana ameishikilia tangu jana. Alijaribu kuketi kwenye kiti cha mguu uliolegea, akakumbuka, akakaa sakafuni.

"Habari za asubuhi," ilisema mashine. "Kuna mtu mwenye tabaka lake?"

Mzee Jailo alikamata kijiti kwa mkono wake mzima. Alikikosa kitundu cha mashine kando ya kitanda, akakikosa tena. Tabitha alinyoosha mkono kumsaidia, akaurudisha mwenyewe. Mara ya tatu kiliingia.

"Nimepata tabaka la Jailo Luvanda. Nilitumie?"

"Ndolo," alisema mzee, kwa nguvu, akibonyeza kitufe cha ndiyo kando ya kitundu.

Taa ndogo ya kijani ikawaka ukutani. Mzee alivuta pumzi, akawatazama wote waliomzunguka, akaongea. Yalikuwa maneno mengi, yenye kupanda na kushuka, na mwisho wake alimnyooshea mke wake kidole.

Mashine ilikawia. "Nimepata neno uji," ilisema. "Nakisia: moto. Nakisia: mlango. Mengine sijayapata. Naomba arudie."

Lakini Mama Lameki alikuwa ameshasimama, ameshafunga khanga kiunoni, na anaelekea jikoni huku akibishana kwa sauti kubwa.

"Nimesikia, nimesikia! Uji unaungua, na mimi nimekaa hapa nashangaa taa! Kwani wewe ungekaa wapi?"

Kipaza sauti kilisubiri kwa adabu. "Arudie?" iliuliza tena.

"Hapana haja," alisema Tabitha, akivua miwani na kuifuta. "Ameshajibiwa."